Kiwekeo cha Bwana Kamusi

4 Machi

Basi, kama nilivyokuwa nikisema jana kabla wino haujaniishia, simpendi kwa sababu anajua maneno mengi. Wapo wanaojua maneno mengi na hawapendeki hata kidogo. Nampenda kwa namna anavyosimama neno likimgusa. Husimama vilevile alivyo, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali.

Jana alichelewa kutoka kazini. Nilikuwa nimepakua chake kwanza, nikakifunika, ndipo nikajipakulia changu. Alipoingia nilimwambia kutoka chumbani, "Kiwekeo chako kiko jikoni."

"Kiwe nini?"

"Kiwekeo. Chakula nilichokuwekea."

"Nani anasema hivyo?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Kula kabla hakijapoa."

Hakula. Alikaa kitandani na koti lake nusu, akanifanya nirudie mara kadhaa kama mtoto anayefundishwa kusoma. Kisha akanibusu kwenye kipaji cha uso, akasema yeye amesoma mpaka macho yamechoka na hajawahi kutunga neno hata moja, na mimi nimetunga moja huku nakunja shuka. Jamani, nani kama mimi? Tangu tuoane nimekuwa nikijiuliza mwanamume msomi kama yule ameona nini kwa muuza mapazia aliyeishia sekondari. Jana nikaona kwamba ameona.

6 Machi

Mvua imeanza. Bafu linavuja juu ya mlango.

9 Machi

Leo Bwana Kamusi (ndivyo ninavyomwita, naye anajifanya hapendi) amelipeleka neno letu ofisini. Niandike jinsi wanavyofanya kazi, maana ni ya ajabu. Wako wachache tu, kwenye vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya umeme. Mtu akisikia neno jipya analiandika kwenye kadi: neno lenyewe, sentensi lilimotumika, nani kalisema na wapi. Kadi zinakaa kwenye visanduku vya mbao. Neno haliingii kwenye kamusi kwa uzuri wake. Linaingia likishapata kadi kutoka kwa watu wasiojuana. Na mke, mume au mtoto wa mhariri hahesabiwi, hata aseme neno la dhahabu.

Mhariri Mkuu wao ni mama mmoja mjane, mkavu, anavaa sweta hata jua likiwaka. Wanamwita Kizibo, kwa kuwa yeye ndiye anayeziba chupa. Alipomaliza kusoma kadi ya mume wangu alimrudishia na kumwambia, "Maneno ya chumbani yabaki chumbani, bwana harusi." Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mume wangu alinisimulia huku anacheka. Lakini nilimwona alivyoiweka ile kadi kwenye mfuko wa shati, taratibu, kama kifaranga.

Toleo jipya linafungwa mvua zikiisha. Litakalofuata, labda tukiwa na wajukuu. Kizibo simpendi.

13 Machi

Dukani tunasikiliza redio kutwa nzima. Mwenye duka, ambaye watu wote wanamwita Mama Mapazia, anasema bila redio angekuwa anasikiliza vyerehani, na vyerehani havina habari. Mchana kuna kipindi cha salamu. Wasikilizaji wanatuma ujumbe, mtangazaji anasoma. Dereva anamsalimu mkewe, mgonjwa anawasalimu wenzake wa wodini.

Nilikuwa napima pazia la dirisha refu, pini mdomoni, na hapohapo wazo likaja. Nani atajua?

Si dhambi kusalimiana.

14 Machi

Mvua. Nimetuma ujumbe wa kwanza.

20 Machi

Wote watatu wamesomwa. Wa kwanza ni dereva wa lori: "Namsalimu mke wangu, najua kiwekeo changu kipo hata nikifika kesho." Huyo nilimtuma kwa simu yangu ya pili. Wa pili ni muuguzi wa zamu, anawashukuru majirani kwa kumtunzia kiwekeo. Huyo nilimtuma kwa simu ya fundi wetu wa cherehani. Wa tatu ni mwanafunzi wa bweni anayekumbuka viwekeo vya dada yake, na huyo nilimtuma kwa simu ya Mama Mapazia alipokwenda kununua uzi. Mtangazaji alisita kwenye neno, akalirudia, akasema, "Kiwekeo. Tamu hiyo."

Nilijichoma pini kwenye kidole gumba. Nimewapenda watu wangu hao watatu. Dereva nimempa masharubu. Muuguzi ana miguu inayomuuma na hataki kusema.

27 Machi

Amekuja ameloa mpaka soksi, hakuvua viatu, akanibeba. Mimi na aproni yangu, tukazunguka sebuleni tukaangusha kiti.

Ofisini kwao kuna kijana anayesikiliza redio zote, wanamwita Sikio. Leo amemwekea mume wangu kadi mezani. Dereva, muuguzi, mwanafunzi. Watu watatu, sehemu tatu.

"Unaelewa maana yake?" akaniuliza.

"Niambie."

"Maana yake hukulitunga. Lipo. Watu wanalisema huko nje, wewe umelisikia mahali ukasahau, likakutoka lenyewe. Lugha imezaa, mke wangu. Imezaa mahali pengi kwa wakati mmoja." Kisha akaniweka chini, akanishika mabega, akaniangalia vizuri. "Hebu kumbuka. Hukuwahi kulisikia popote?"

Maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka kwenye nywele hadi kwenye kope. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi, maana siku ya harusi viatu vilimbana.

Nikasema, "Labda."

Neno moja tu hilo. Akanibusu juu yake.

28 Machi

Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

2 Aprili

Mvua haikati. Mapazia hayakauki, duka lote linanuka kitambaa kibichi. Mume wangu anaamka akizungumza kiwekeo na analala akizungumza kiwekeo. Wenzake wanasema hicho ni kiporo tu, kwa nini kipewe jina jingine. Leo akinyoa ndevu alinieleza atakavyowajibu, povu shavuni.

"Kiporo ni kilichobaki watu waliposhiba. Sawa?"

"Sawa."

"Hiki kinatengwa kabla mtu hajatia tonge mdomoni. Kiporo hakina mwenyewe. Hiki kina mwenyewe, ila hayupo. Si chakula tu, ni kumkumbuka mtu. Wataniambia nini?"

"Hawana la kusema."

"Na Kizibo?"

"Yeye ndiye hasa hatakuwa nalo."

Akacheka, akajikata kidevu. Nilimbandikia kipande cha karatasi, nikakishikilia kuliko ilivyohitajika, naye akadhani ni mapenzi. Na ni mapenzi. Hilo ndilo linalonitesa. Kila nilichokifanya nilikifanya kwa kumpenda, na sasa kila anaponishukuru natamani aninyamazie.

8 Aprili

Leo nimekaribia kuzimia dukani.

Sikio ana rafiki kule redioni, akapata namba za wale watu watatu. Anataka kuwapigia, awaulize neno walilitoa wapi, kadi zishibe kabla ya kikao cha kupitisha maneno. Hayo nilikuwa nayajua tangu jana, mume wangu alinieleza kwa shangwe. Simu ya dereva nimeizima na kuificha kwenye kiatu, na fundi wetu huwa hapokei namba asiyoijua. Lakini saa za mchana simu ya Mama Mapazia ikalia mezani, naye akaiweka sauti kubwa kama kawaida yake, ili mikono ibaki kazini.

"Namtafuta mwanafunzi mmoja wa bweni," ilikuwa sauti ya Sikio.

"Umempata mwanafunzi wa miaka hamsini na ushee. Unataka pazia la kitambaa gani?"

"Samahani, mama. Kuna ujumbe wa redio ulitoka kwenye namba hii. Wa kiwekeo."

"Ki nini? Mwanangu, hapa tunauza mapazia. Vijana mna shughuli nyepesi sana." Akakata. Kisha akanigeukia, miwani puani. Alinitazama jinsi anavyotazama pindo lililoshonwa upande.

Baadaye, tukifunga duka, akasema, "Bibi harusi, simu yangu huwa naiacha hapo mezani kwa kuwa nawaamini."

"Ndiyo, mama."

"Basi. Nimesema tu."

11 Aprili

Nimefanya jambo, na sijui kama nimefanya jema au nimeongeza baya juu ya baya.

Kikao ni keshokutwa. Mume wangu ndiye atakayelisimamia neno. Nikafikiri hivi: nikimwambia yeye, itamvunja. Lakini nikimwambia Kizibo, Kizibo aliondoe neno kimyakimya, aseme tu halitoshi, mume wangu atanuna wiki moja yatapita. Atabaki na mke wake na furaha yake, na mimi nitajua peke yangu. Niliona ni ujanja wa mapenzi.

Nikaomba ruhusa mchana, nikaenda wakati najua yeye yuko maktaba. Ngazi za pale zinanuka nyaya zilizoungua. Kizibo alikuwa peke yake, sweta begani, anakula viazi vya kuchemsha kutoka kwenye kopo, visanduku vya mbao vimepanda ukutani mpaka darini.

"Wewe ndiye mke," akasema. "Keti, mwanangu. Kiazi?"

Nikakataa. Nikamwambia yote nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa kiti. Dereva, muuguzi, mwanafunzi. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifunika kopo lake, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Mumeo anajua?"

"Hajui, mama. Ndiyo nimekuja kwako. Liondoe tu. Sema limekosa nguvu."

"Siwezi."

"Kwa nini? Wewe si ndiye mkubwa?"

"Neno siliingizi kwa siri na silitoi kwa siri. Nikianza hivyo, hiki kitabu ni cha kwangu, si cha watu." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Nilikwenda nimejiandaa kwa ukali. "Na hukupaswa kuja kwangu kwanza. Unalijua hilo?"

"Niliogopa."

"Najua. Nenda nyumbani ukamwambie leo. Mimi nitakaa kimya hadi kikao. Baada ya hapo sina pa kukaa kimya, maana atasimama mbele ya watu ataapa, na mimi siwezi kumwachia mtu aape juu ya kitu ninachojua ni uongo."

Nikamwahidi. Nikashuka ngazi mvua inapiga, mwavuli nimeusahau juu.

12 Aprili

Nimeshindwa. Alinunua shati jipya la kikao akalijaribu mbele ya kioo, akaniuliza kola imekaaje. Nikasema imekaa vizuri.

13 Aprili

Kesho. Leo pia nimeshindwa. Kikao kimesogezwa siku moja, mjumbe mmoja barabara imekatika kwao kwa maji, nami nikamshukuru Mungu kwa mafuriko ya watu wengine. Ndivyo nilivyokuwa.

14 Aprili

Niandike yalivyokuwa, polepole, kama mume wangu alivyoyasema.

Alisimama akalieleza neno vizuri. Kiporo kikashindwa. Wajumbe wawili wakatikisa vichwa kukubali. Sikio akaeleza kwamba hajawapata wale watu watatu kwenye simu. Mmoja wa wajumbe akamuuliza mume wangu, je, una hakika watu hawa ni wa kweli? Naye akajibu, "Nina hakika nao kama nilivyo na hakika na mke wangu."

Akasema walicheka. Wote isipokuwa Kizibo. Kizibo aliweka kalamu chini, akaomba mapumziko, akamtoa nje kwenye ngazi.

Akarudi nyumbani mchana. Nilikuwa nimetoroka kazini, nimekaa sebuleni, najua. Mwavuli wangu ulikuwa mkononi mwake. Akauegemeza ukutani kwa uangalifu.

"Dereva," akasema.

"Ni mimi."

"Muuguzi."

"Ni mimi."

"Yule mtoto wa bweni nilimwonea huruma, unajua? Nilifikiri ana njaa." Akakaa mbali, kwenye kiti tulichokiangusha siku ile. "Nilikuuliza. Nilikushika mabega nikakuuliza kama ulilisikia mahali."

"Nilisema labda."

"Ulisema labda."

Nikamwambia nilitaka tuwe mle ndani ya kitabu, mimi na yeye, mtu akifungua herufi ya K atukute bila kujua ni sisi. Nikamwambia sikuwa na usomi wa kumletea, hilo neno ndilo nililokuwa nalo. Alinisikiliza. Sikuona hasira usoni mwake na nikaanza kupata tumaini, mpaka aliposema kilichokuwa kimemkaa kooni.

"Uongo ningeumeza. Ungeniambia usiku uleule tungecheka mpaka majirani wagonge ukuta. Lakini yule mama alijua siku tatu nzima. Alinitazama nikiingia na shati jipya, anajua. Alinitazama nikieleza, anajua. Wewe ulijua, yeye alijua, nilikuwa nimebaki mimi tu. Ulimwambia yeye kabla yangu."

Nililokuwa nimeliita ujanja wa mapenzi halikuwa na jina zuri tena.

"Nilitaka usiumie," nikasema.

"Nimeumia mbele ya watu badala ya mbele yako. Hiyo ndiyo nafuu uliyonipa."

15 Aprili

Hakula.

16 Aprili

Mvua. Anasema asante, samahani, usijali. Kama mpangaji.

19 Aprili

Nimemwomba radhi Mama Mapazia kwa habari ya simu. Akasema, "Ya simu yamekwisha tangu siku ile. Hayo mengine uliyonayo usoni siwezi kukusaidia, lakini hayo maua ya lile pazia umeyashona kichwa chini."

22 Aprili

Anaondoka kesho. Kikao hakikulikataa neno wala hakikulikubali. Kizibo alisema kosa la mtu mmoja si kosa la neno, liangaliwe huko nje kama lina miguu yake. Mume wangu ndiye aliyejitolea kwenda, miji midogo minne, akae kwenye vibanda vya chakula na nyumba za wageni, asikilize. Haruhusiwi kulitamka yeye. Akilitamka tu, ushahidi umeharibika.

"Wangemtuma mwingine," nikasema.

"Wangemtuma."

Nilimkunjia mashati. Lile jipya akaliacha kabatini.

23 Aprili

Ameondoka asubuhi. Alinipa mkono. Mke na mume, tumepeana mikono mlangoni kama watu wa benki.

29 Aprili

Kizibo amekuja dukani. Nilimwona akivuka barabara anaruka madimbwi kwa viatu vyake vya wanaume, nikataka kujificha nyuma ya marobota. Alitaka pazia la jikoni, dirisha dogo. Nilipanda ngazi kumtolea vitambaa, naye akasema na mgongo wangu.

"Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa kama wako. Alitunga maneno kama mtu anayekohoa. Kila kitu cha pale nyumbani alikipa jina."

"Uliyaingiza mangapi?"

"Hata moja. Alininunia miaka na miaka." Akashika kitambaa cha kijani, akakivuta kuona kama kitanyooka. "Mpaka leo nayatumia. Nikiwa peke yangu jikoni nayatamka yote. Hayakufa kwa kuwa hayamo kitabuni, mwanangu. Hilo nilishindwa kumwelewesha, na nadhani nilishindwa kwa sababu sikukaa chini kujaribu. Nilikuwa nampa jibu la ofisini."

Nilishuka ngazi. Nilitaka kusema kitu cha maana nikasema, "Hiki cha kijani kinapauka juani."

"Basi nipe cha kahawia."

Nilikuwa nikimwandika humu kama zimwi. Ana mikono midogo, na anapolipa anasoma risiti yote, hadi jina la mchapaji chini.

1 Mei

Hajapiga simu.

5 Mei

Amepiga. Mvua ilikuwa nyingi kwake na nyingi kwangu, tukazungumza kama watu wawili walio kwenye mapipa.

"Hakuna," akasema. "Nimekaa, nimesikiliza. Wanasema chakula chake kipo. Wanasema mwekeeni na fulani. Kitendo wanacho kila nyumba. Neno hawana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nimebakiza mji mmoja, lakini najua. Ripoti nitaiandika mwenyewe. Nitasema lisiingie."

Nilikuwa nimesimama jikoni, naangalia maji yanavyoteleza kwenye kioo. Miezi miwili iliyopita ningelia. Nikasema, "Andika hivyo. Ndiyo kweli."

Nikamsikia akifunga dirisha upande wake.

"Bafu bado linavuja?" akauliza.

"Linavuja zaidi."

"Usipande juu ya kile kiti. Mguu mmoja umelegea." Akakata.

Nimekaa na kile kiti jioni yote kama nimepewa zawadi. Halafu nikakumbuka kwamba hakuuliza hali yangu, aliuliza ya bafu, nikajikanya nisijijengee ghorofa hewani.

9 Mei

Manyunyu tu. Mapazia yameanza kukauka.

12 Mei

Sikio amepita dukani kuniambia, ananiita shemeji kama zamani, Mungu ambariki. Ripoti imefika. Neno halimo. Kadi zote tatu zimechanwa mbele ya wajumbe, na ile ya kwanza kabisa, ya mume wangu, imewekwa kwenye kisanduku na alama ya "lisubiri". Sikio alidhani nitahuzunika. Nilimpa soda.

Na kuna jingine. Mume wangu ameomba abaki huko hadi toleo lifungwe, akusanye maneno ya wavuvi wa ziwani na waashi. Hajaniambia. Ameiambia ofisi kwanza. Nilipolisikia lilinichoma, nikajua sasa linavyochoma. Sidhani alikusudia kunilipiza. Nadhani aliogopa sauti yangu, kama mimi nilivyoogopa uso wake.

Mchana wote kazi haikuenda. Nilikuwa nikiyapitia yale ya tarehe kumi na nne, jinsi alivyotaja dereva, nikasema ni mimi, akataja muuguzi, nikasema ni mimi. Nimegundua kwamba sijawahi kumsimulia. Alisimuliwa na Kizibo kwenye ngazi, kisha akaja kwangu kuhakikisha tu, na mimi nikaitikia kama mtu anayeitwa majina darasani. Hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu, tangu mwanzo, tangu pini mdomoni na redio, na nilivyowapenda wale watu, na nilivyoogopa, na kile nilichokitaka hasa. Hata humu nimekuwa nikimwandika yeye, yeye, kama nimeliambia daftari kabla yake pia.

Basi nakuandikia wewe, Bwana Kamusi, ingawa hutayasoma haya, maana nitakuja kuyasema. Mama Mapazia amenipa ruhusa, amesema bora niende kabla sijamshonea mteja mwingine maua kichwa chini. Nitampa fundi ufunguo azibe bafu, nitachukua basi la asubuhi. Sitaleta neno lolote la kukupendeza. Nitakaa mbele yako, popote utakapokuwa unakula, nikusimulie mwenyewe, na ukitaka kuninyamazia uninyamazie nikiwa hapo. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja.